Fundi Anajibu: Ekseli ya Land Cruiser kwenye Hilux Vigo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo ya 2008, napeleka vyakula na mitungi ya gesi kwenye kambi za watalii Ziwa Natron, njia ya Mto wa Mbu na Engaruka. Mbele inanimaliza: bolijointi, bushi za wishiboni, raba za sivijointi zinachanika kila mara. Hapa Moshi kuna ekseli nzima ya mbele ya Land Cruiser 79 inauzwa, gari lenyewe lilipinduka. Fundi wangu anasema atakata vyote vya Vigo na kuichomelea hiyo kwa siku tatu. Ninunue? — Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Usitoe hela kwanza.

Tamaa yako naielewa. Ekseli nzima ni bomba moja la chuma toka gurudumu hadi gurudumu. Haina wishiboni, ile mikono inayoshikilia gurudumu moja moja, na shafti za kuzungusha magurudumu zimejificha ndani ambako jiwe haliziguzi. Hiyo ni ekseli nzuri kweli, ila imeundwa kwa gari lake.

Ingia chini ya Vigo yako uangalie. Propela shafti ya mbele, fimbo inayopeleka nguvu mbele, inatoka kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) upande wa kushoto. Difu la mbele la 79, lile boksi la gia kwenye ekseli, limekaa kulia. Utazipitishaje? Kisha hesabu nati za gurudumu: za kwako ni sita, na 79 za kuanzia 1999 zina tano. Ukipata pancha kati ya Engaruka na Ngare Sero, tairi yako ya akiba itaingia upande mmoja tu, mbele au nyuma. Na difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, lazima ziwe na uwiano mmoja wa gia. Moja ikiwa 4.1 na nyingine 3.9, ukiweka fowili (magurudumu yote manne yakisukuma) kwenye ardhi ngumu zinavutana mpaka transfa inavunjika.

Hayo yote pesa inaweza kuyamaliza. Kinachonitia hofu ni stelingi. Vigo inatumia reki, chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu kushoto na kulia, na reki haiwezi kufuata ekseli inayopanda na kushuka yote kwa pamoja. Utahitaji boksi ya stelingi ifungwe kwenye chesisi, na fimbo ndefu ya kutoka kwenye boksi hadi gurudumuni. Kwa kuwa 79 ina koili (springi za mviringo) mbele, utahitaji pia panadi, lile chuma la kuzuia ekseli isihame kushoto na kulia. Fimbo na panadi vinatakiwa viwe na mlalo mmoja na urefu unaokaribiana. Vikipishana, kila ukiruka shimo usukani unajikata wenyewe, hata kama umeushika kwa mikono miwili. Halafu kuna ule mlalo wa kurudi nyuma wa nako, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na gurudumu, digrii chache tu. Ukipotea, gari litatangatanga barabarani. Siku tatu zinatosha kuchomelea. Hazitoshi kupima. Mwambie fundi wako akuchoree kwenye karatasi panadi na fimbo vitakaa wapi. Akishindwa kuchora, gari lako lisiingie gereji yake.

Sasa nikuulize: Vigo yako imeinuliwa mbele kwa vyuma vya kupachika juu ya shokapu? Maana raba za sivijointi, viungo vya shafti za magurudumu, kuchanika kila mara ni dalili ya shafti kukaa mshazari kupita kiasi, na bolijointi, vile viungo vya duara vya wishiboni, nazo zinafika mwisho wa mwendo wake. Kama ndivyo, ishushe kwanza. Funga spea za kiwandani, na punguza upepo wa matairi kidogo ukiingia kwenye rafu, ukienda polepole. Ekseli nzima ni nzito, na kwenye mawimbi ya barabara ile uzito huo ndio utakaokutikisa zaidi.

Ukishindwa kabisa kuvumilia, uza Vigo utafute Hilux LN106 au Land Cruiser 75 iliyotoka kiwandani na ekseli nzima mbele. Kwa gari la kubebea gesi, mimi ningefanya hivyo bila kusitasita. Na ukiamua kukata chesisi licha ya haya yote, iarifu bima yako kabla, si baada ya ajali.

SWALI: Fundi, Land Cruiser 79 yangu inavuja kitu cha kijivu nyuma ya gurudumu la mbele, mfano wa uji. Niongeze grisi? — Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Usiongeze. Sili ya ndani ya ekseli imekufa. Oili ya difu inaingia kwenye nako na kuyeyusha grisi. Fungua, osha, badilisha sili ya ndani pamoja na raba na felti za nje zinazofuta vumbi. Ukiwa hapo, kagua beringi za kingpini, zile ambazo nako inageukia, za juu na za chini: kama njia zake za kuviringia zina vijishimo, zibadilishe zote. Mwisho pima oili ya difu, maana iliyovuja imetoka humo, na usiendeshe umbali mrefu kabla hujaijaza.