Mdimu Wangu wa Ndooni Hauzai

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi nyumba ya kupanga Temeke, jijini Dar es Salaam. Miaka 3 iliyopita nilipanda mbegu ya ndimu kwenye ndoo ya lita 20, na sasa mti umenifika kifuani, lakini haujatoa hata ua moja. Ninaumwagilia asubuhi na jioni, na bado majani ya chini yamekuwa ya manjano. Wiki hii nimekuta mengine yameliwa hadi vikonyo. Jirani anasema nimepata mti dume. Je, niukate?

JIBU: Usiukate, ndugu msomaji. Mdimu si mpapai. Hauna dume wala jike, kwa kuwa kila ua kamili hubeba sehemu zote mbili. Mdimu wa mbegu kwa kawaida huhitaji miaka 3 hadi 6 kabla ya kuzaa, na ukibanwa kwenye ndoo huchelewa zaidi. Faraja ni kwamba mbegu ya ndimu mara nyingi hutoa mti unaofanana na mama yake, hivyo subira yako haitapotea bure.

Kinachonitia wasiwasi ni maji. Udongo ukilowa mchana na usiku, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mbolea husombwa kupitia matundu ya chini. Ndipo majani yaliyokomaa yanapogeuka manjano. Chomeka kidole hadi pingili ya pili: ukigusa unyevu, acha hadi kesho. Kisha uhamishie mti kwenye nusu pipa lililotobolewa chini, ukichanganya sehemu 2 za udongo, 1 ya samadi iliyooza kabisa na 1 ya mchanga. Mizizi iliyojizungusha kama kamba ikunjue taratibu kabla ya kufukia, na pipa likae mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Kwa mpangaji pipa lina faida yake, maana siku ya kuhama mti unahama nawe.

Anayekula majani ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Akiwa mchanga utadhani ni kinyesi cha ndege kilichodondokea jani; akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mti wa kimo hicho hauhitaji dawa, watoe kwa mkono kila asubuhi.

Ukitaka matunda mapema, nunua mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha mdimu kilichoungwa juu ya shina la mti mwingine, ambao unaweza kuzaa ndani ya miaka 2. Kagua pale ulipoungwa, na kila chipukizi linalotokea chini ya hapo likate, kwa sababu hilo ni la ule mti mwingine wa shina, si la mdimu wako. Ndimu zikianza, zichume ganda linapokuwa laini, linang'aa na kijani chake kimepauka, kabla hazijawa za manjano.