Nimeshika mbolea, mashine itanililia?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mkulima huku Webuye. Juzi nikisafiri na ndege, askari alinipangusa viganja na kitambaa akakiingiza kwa mashine, eti wanatafuta baruti. Nilipita, lakini jana yake nilikuwa nimemwagia mahindi mbolea ya CAN, moyo ulidunda kweli. Kijana wangu anasema siku hizi kuna sensa za nano, yaani vifaa vya kugundua baruti kwa vichembe vidogo sana, zinazong'aa. Hiyo ingenishika? – Mkulima, Webuye

JIBU: Pole kwa presha mzee. Kwanza, mashine nyingi za eapoti hazing'ai kitu, zinapasha kile kitambaa moto, mvuke unapewa chaji ya umeme halafu wanapima unakimbia aje.

Hizo za kijana ni nyingine. Unachukua vichembe vidogo sana, tuseme vya kaboni (watu wameshavipika hadi kwa juisi ya machungwa, si mchezo), unavimulika na mwanga wa urujuanimno, vinawaka rangi. Baruti inayoitwa TNT ikivigusa mng'ao unafifia, kwa sababu TNT ina vikundi vitatu vya nitro (naitrojeni na oksijeni) vinavyovuta elektroni, iko na njaa, kwa hivyo inanyakua ile elektroni iliyochangamka kabla haijatoa mwanga. Mwanakemia Timothy Swager wa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1990 alikuwa mjanja zaidi, akaunganisha molekuli zinazong'aa zikawa mnyororo mrefu, TNT moja tu ikitua mahali sehemu kubwa inazimika, kama zile taa za Krismasi balbu moja ikiungua.

Sasa CAN yako. Ndani ni amonium naitreti na chokaa, haina pete ya benzini (kaboni sita zilizoshikana duara) yenye nitro kama TNT, kwa hivyo sensa iliyoundiwa TNT kwa kawaida haitashtuka. Hata RDX, ambayo ni baruti ya jeshi kabisa, inaisumbua, maana haina hiyo pete na mvuke wake ni kidogo mno, ndiyo maana watu bado wanapangusa badala ya kunusa hewa tu. Ya kukulilia ni ile ya eapoti, nyingi zimewekwa zitafute naitreti pia.

Kwa hivyo ukisafiri osha mikono na sabuni, sugua chini ya kucha, na jaketi ya shamba iache nyumbani. Ikilia sema tu wewe ni mkulima, watakukagua tena na kukuuliza maswali. Hata wagonjwa wa moyo wanaotumia nitrogliserini inaweza kuwalilia.