Picha chache, katuni hai: mbinu za Osamu Tezuka

SWALI: Nachora katuni za watoto peke yangu. Osamu Tezuka, mchoraji wa Japani, aliwezaje kurusha katuni ya televisheni Astro Boy kila wiki kwa michoro michache, nami nifanyeje na kipande cha dakika moja?

JIBU: Tuanze na hesabu, ndugu. Filamu hupitisha fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kila mchoro ukikaa fremu tatu, unahitaji michoro 8 kwa sekunde, yaani 12,000 kwa dakika 25. Astro Boy, iliyoanza kwenye kituo cha Japani cha Fuji TV tarehe 1 Januari 1963, ilitumia takriban 2,000 kwa kipindi. Tezuka aliuza vipindi kwa bei ya chini kuliko gharama. Pengo akaliziba kwa kipato cha manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) na haki za kutumia sura ya Atom, yule roboti mvulana shujaa wa Astro Boy, kwenye bidhaa.

Siri ni kuamua mapema kitu gani kisogee. Chukua mtu anayeongea kwa sekunde tano. Kawaida ni michoro 40. Wewe chora kichwa kimoja kisicho na mdomo, midomo mitatu (wazi, nusu, umefumbwa) na michoro miwili ya macho ya kupepesa: jumla sita. Badilisha mdomo kila fremu tatu, lakini usipokezane wazi na kufumba tu, atafanana na samaki. Kiswahili kina M, B na P tele, kwa hiyo neno kama “mama” lazima midomo ifumbe mara mbili, la sivyo sauti itaonekana imebandikwa.

Mdomo ukitetemeka, tabaka zako (kichwa, mdomo na macho vinavyopangwa juu kwa juu) hazikulingana. Ukichora kwenye karatasi, zote zishikwe na vishikizo vilevile. Zama za seluloidi, yaani karatasi angavu za plastiki za kuchorea, kulikuwa na kero nyingine: kila tabaka lilififisha rangi ya chini yake kidogo, hivyo idadi ya tabaka ikibadilika katikati ya tukio, rangi iliruka. Kwenye kompyuta hilo limekwisha.

Mtu akikimbia, chora hatua za mzunguko mmoja, uzirudie huku mandhari ikivutwa nyuma yake. Mshtuko au huzuni hauhitaji mwendo: simamisha picha, sauti iendelee.

Tezuka pia alitunza hazina ya michoro ya kutumia tena, kama Atom akiruka. Kwa dakika moja haitakuokolea kitu. Ukifikia mfululizo, andika kwenye kila mchoro mhusika, tendo na upande anaoelekea. Ukigeuza picha bila kuangalia, kiraka cha bega la kushoto kitahamia kulia, na watoto wataliona hilo mara moja.