Namba ya mama mmoja imegeuka ya jirani

Swali: Mwalimu, salaam. Natunza hifadhidata ya chama chetu cha akiba hapa Jinja. Mama mwenye namba 20240157 anasomeka 20240156, namba ya jirani yake! Kosa liko wapi?

Jibu: Salaam, mwanangu. Umeihifadhi kama desimali ya biti 32 (float), yaani namba yenye nukta iliyobanwa katika nafasi ndogo ya kompyuta. Aina hiyo hushika namba nzima zote hadi 16,777,216. Baada ya hapo huruka mbili mbili, kisha nne nne, na witiri huangukia shufwa. Namba ya mtu haijumlishwi, basi iweke kama matini (text), yaani maandishi. Hata namba ya simu, 0772 isipoteze sifuri yake. Ila kubadili aina hakurudishi tarakimu iliyokwisha kupotea. Fungua daftari la karatasi leo hii, ulinganishe kila amana. Akiba ya mama huyo isilale kwa jirani.