Onyo la "muunganisho si wa faragha" kwenye kila tovuti

Kama onyo hili linakuja kwenye kila tovuti unayofungua, usifute kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome), ndugu. Angalia kwanza tarehe ya kompyuta, pale kona ya chini kulia. Kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali, kinachothibitisha kuwa ni tovuti yenyewe, chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta ikidhani bado tuko 2015, vyeti vya leo inaviona havijaanza kutumika, inavikataa vyote. Natengeneza kompyuta, na kwenye zile za zamani mara nyingi chanzo ni kile kibetri cha duara ndani ya kompyuta, aina ya CR2032, kinachotunza saa umeme usipokuwepo, kimekwisha: ukichomoa umeme tu, saa inarudi nyuma. Rekebisha tarehe, halafu badilisha betri. Ila onyo likija kwa tovuti moja tu na tarehe iko sawa, usilipite, hasa kama ni ya benki.