Simu imekuwa nzito baada ya kusasisha: niifute?

SWALI: Shikamoo Fundi. Juzi usiku nilisasisha mfumo wa simu yangu ya Android. Tangu asubuhi yake programu zinafunguka kwa kusuasua na simu inapata moto mfukoni. Rafiki yangu anasema ndani ya simu kuna mashine inayoendesha programu, nayo imeharibika, hivyo nifute kila kitu nianze upya. Ni kweli?
Mwenye Simu Nzito

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kapatia nusu. Mashine ipo, ila haijaharibika. Usifute kitu.

Prosesa za simu, yaani ubongo wake unaotekeleza maagizo, ziko za kila namna, kwa hiyo programu nyingi za Android hufungwa katika mafaili ya dex: maagizo yaliyoandikiwa prosesa ambayo haipo popote. Anayejifanya prosesa hiyo ni mashine pepe iliyomo simuni, na ndiyo inayoyageuza maagizo hayo yaeleweke na prosesa halisi. Ya kwanza iliitwa Dalvik. Muundaji wake, Dan Bornstein, aliipa jina la kijiji cha wavuvi huko Iceland (mimi nilidhani ni jina la dawa). Ilifanya kazi kama mkalimani wa mkutanoni: inasikia sentensi, inatafsiri, inasubiri nyingine. Tangu toleo la 2.2 la Android, mwaka 2010, ikaanza kuhifadhi kwa muda tafsiri ya vipande vinavyorudiwarudiwa.

Mwaka 2014, toleo la 5.0 likaiondoa Dalvik na kuleta mashine mpya, ART, iliyotafsiri programu nzima siku ya kuisakinisha. Siku niliyosasisha yangu nilikaa kitandani nikisoma kwenye skrini: programu ya 12 kati ya 94. Nikasinzia. Kuamka, ya 61! Na nafasi ya simu ikaliwa kweli kweli.

Toleo la 7.0, mwaka 2016, likaja na busara zaidi. Programu inasakinishwa upesi, kisha unavyoitumia ART inaweka orodha ya vipande unavyovigusa sana. Simu ikitulia ikiwa kwenye chaji, inavitafsiri hivyo tu na kuvihifadhi.

Sasa, ukisasisha mfumo, tafsiri nyingi za zamani hazifai tena, maana zilifungamanishwa na mfumo uliopita. Simu inarudi kwenye ukalimani huku ikitafsiri upya. Mara nyingi uzito na joto lako ni hilo. Ukifuta kila kitu, na ile orodha inakwenda, kazi inaanza sifuri.

Leo usiku ichomeke kwenye chaji, uzime skrini, uiache hadi asubuhi. Kesho rudia. Kabla ya hapo angalia nafasi iliyobaki. Ikiwa imejaa pomoni, futa video za zamani kwanza, kwani tafsiri nazo zinahitaji pa kukaa. Wiki ikipita na bado inachemka, fungua mipangilio ya betri utazame ni programu gani inayoinyonya, kisha uniandikie jina lake.