Mbuzi aliyedhoofika baada ya kuzaa

Pole sana dada. Umesema mbuzi uliyemtoa Mbarali kwa lori hadi Tukuyu alizaa wiki mbili baadaye, na sasa amekonda na ana uvimbe laini chini ya taya. Yalinikuta hayo, nikachelewa, nikabaki kumnyonyesha mwanambuzi kwa chupa.

Safari, baridi na uzazi humchosha mnyama hadi kinga inashuka, na minyoo aliyokuwa akiihimili hupata mwanya wa kumnyonya damu. Mfunue kope la chini leo, kwenye mwanga wa mchana. Likiwa jeupe kama karatasi, ana upungufu mkubwa wa damu: mwite daktari wa mifugo leo hii, na usimkimbize, anaweza kuanguka akafa.

Usikimbilie dawa yoyote ya dukani. Mbarali kuna majaruba ya mpunga, na konokono wa majini hueneza minyoo ya ini, ambayo dawa ya minyoo iitwayo ivermectin haiiui. Mwone ofisa mifugo wa kata, kinyesi kibichi kipimwe. TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wana kituo Iringa. Dawa itolewe kwa uzito, na uliza maziwa yasinywewe siku ngapi. Mkatie majani, mwongezee pumba, alale kwenye kichanja kikavu.